Kizingo, Kikowani na Alama 83

Kisiwa cha Mombasa kimekuwa uwanja wa vita katika gemu za video tangu tarehe 9 Novemba 2004, siku Halo 2 ilipoingia madukani. Gemu hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Bungie kwa ajili ya mashine ya Xbox, ni ya kufyatua risasi, na mchezaji huona kila kitu kwa macho ya askari anayemwendesha. Hadithi inapofika Duniani, katika mwaka wa 2552, majeshi ya viumbe wa sayari nyingine hayatui New York wala London. Yanashukia New Mombasa, jiji la maghorofa marefu lililojengwa kisiwani, likiwa na Old Mombasa ng'ambo ya maji. Miaka mitano baadaye Halo 3: ODST ilirejea kwenye jiji hilohilo na kukaa humo karibu hadithi nzima.

Gemu zote mbili zilihakikiwa na magazeti na tovuti kubwa za dunia na kupewa alama ambazo hadi leo wanunuzi huzitazama kabla ya kutoa pesa. Alama hizo zilipima silaha, muziki, bei na urefu wa hadithi. Mji wenyewe, yaani Mombasa kama Mombasa, uliguswa kidogo mno, na pengo hilo linastahili kuzibwa na mtu anayeijua njia ya kutoka Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale.

Uhakiki wa gemu si kazi ya jana. Uingereza ilikuwa na jarida la Computer and Video Games tangu 1981, na Japani ikapata Famitsu mwaka 1986. Famitsu ina utaratibu wake: wahakiki wanne hucheza gemu moja, kila mmoja hutoa alama hadi 10, na jumla kamili ni 40. Gemu ya kwanza kufikisha 40 ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Kisha mwaka 2001 ikazinduliwa Metacritic, tovuti isiyohakiki chochote yenyewe bali hukusanya hukumu za wengine na kuzigeuza namba moja kati ya 100. Namba hiyo si wastani wa kawaida, kwani baadhi ya vyombo hupewa uzito zaidi ya vingine, na uzito huo hautangazwi. Gemu yenye 75 au zaidi hupewa rangi ya kijani, ya 50 hadi 74 manjano, na iliyo chini ya hapo nyekundu.

Namba hizi zina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Fallout: New Vegas ilipotoka mwaka 2010, watengenezaji wake, Obsidian, walikuwa wameahidiwa malipo ya ziada iwapo ingefikia 85 katika Metacritic. Ilipata 84, na malipo hayakutolewa. Alama moja iliwakosesha watu riziki waliyoihangaikia, na tangu habari hiyo ijulikane mwaka 2012 imekuwa mfano wa kwanza kutajwa kila panapojadiliwa haki ya kupima sanaa kwa tarakimu. Vyombo vingine vilijaribu njia tofauti. Eurogamer iliacha kutoa alama mwaka 2015, ikaja kurudi na nyota mwaka 2023, kwa kuwa wasomaji wengi bado hutaka kujua kwa kutupa jicho moja tu kama kitu ni kizuri au kibovu.

Halo 2 ilipata 95. Wahakiki walisifu jinsi silaha mbili zinavyoweza kushikwa kwa mikono miwili, walisifu muziki wa Martin O'Donnell na Michael Salvatori, na zaidi ya yote walisifu mapambano ya kupitia intaneti, ambapo mashine yenyewe iliwatafutia wachezaji wapinzani wa kiwango chao. Lawama kubwa ilikuwa mwisho wa hadithi, uliokatika ghafla kana kwamba kurasa za mwisho zimechanwa. Wanunuzi hawakujali: nakala milioni 2.4 ziliuzwa Marekani na Kanada katika saa 24 za kwanza.

Sehemu inayopita Old Mombasa inaitwa Outskirts. Askari, Master Chief, huanguka mjini baada ya ndege yake kudunguliwa, akajikuta katika ua uliozungukwa na kuta, akitakiwa kuulinda mpaka msaada ufike. Kutoka hapo hupita vichochoro vyembamba vyenye pembe kali, ngazi na mapaa ya chini, huku wadunguzi wakimvizia kutoka juu. Katika kiwango kigumu kabisa cha gemu, mdunguzi mmoja hutosha kumwangusha kwa risasi moja, na wachezaji wa dunia nzima huvikumbuka vichochoro hivyo kwa hasira. Baadaye njia hufunguka ufukweni, mchezaji hupanda gari, hupita katika mahandaki, kisha huvuka daraja refu la kuning'inia kuingia kisiwani, ambako mashine kubwa yenye miguu minne inamngoja.

Kama kazi ya kiufundi ya mwaka 2004, vichochoro hivyo vimepangwa vizuri. Uchochoro wa Mji wa Kale kweli hufanya hivyo: humnyima mpita njia upeo wa macho, humpindisha kila baada ya hatua chache, kisha ghafla humtoa kwenye uwazi wenye upepo wa bahari. Waliobuni sehemu hii walielewa jinsi mji wa namna hiyo unavyomwongoza mtu. Walichokosa ni sura yake. Kuta za Old Mombasa ya gemu zina rangi ya mchanga mkavu na hali ya miji ya jangwani ambayo filamu za vita huipenda. Mji wa Kale hujulikana kwa milango ya mbao iliyochongwa, roshani zinazoning'inia juu ya njia, misikiti iliyobanana na nyumba kama ule wa Mandhry, na baraza za mawe ambapo watu hukaa jioni kwa kahawa chungu. Aliyekulia Kibokoni au Kuze angeutambua mwendo wa njia zile, lakini asingeitambua nyumba hata moja.

Jiografia nayo imepinduliwa. Katika gemu, mji wa zamani uko ng'ambo na mji mpya ndio ulio kisiwani. Katika hali halisi Mji wa Kale uko kisiwani, upande wa mashariki, ukitazamana na Nyali, na mwanzo wake ni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Daraja la kuning'inia la gemu halina ndugu Mombasa. Upande wa kaskazini kuna Daraja la Nyali, wa magharibi kuna njia ya Makupa, na wa kusini watu huvuka kwa feri ya Likoni. Gemu ya kubuni ina ruhusa ya kubadilisha ramani, hasa inapozungumzia miaka mia tano ijayo. Hata hivyo mhakiki aliyepaswa kueleza kama mahali pamejengwa vizuri alikuwa na haki ya kuuliza mahali hapo ni wapi.

Jambo moja katika New Mombasa limesimama kwenye sayansi nzuri, nalo ni lifti ya angani, mnara wa kupandisha mizigo hadi nje ya anga. Lifti ya namna hiyo, kama wanasayansi wanavyoieleza, hufaa kuwekwa kwenye ikweta au karibu nayo, ikishikiliwa na kitu kinachozunguka pamoja na Dunia juu ya kimo cha kilomita 35,786. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na ina bandari. Pwani hii ilishakuwa mlango wa anga zamani: karibu na Malindi, huko Ngomeni, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco kati ya 1967 na 1988, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Kwa hiyo New Mombasa haikuwa ndoto ya kuokotwa hewani.

Halo 3, ya mwaka 2007, ilihamia bara kidogo. Vita vyake vinapita kandokando ya barabara ya Tsavo hadi Voi, huku mabaki ya lifti iliyoanguka yakionekana njiani. Ilipata 94. Zanzibar nayo ilipewa nafasi: uwanja mmoja wa mapambano wa Halo 2, wenye gurudumu kubwa linalozunguka kwa upepo, uliitwa Zanzibar, na ulipotengenezwa upya mwaka 2014 ukaitwa Stonetown.

Kazi yenye uzito zaidi kwa Mombasa ni Halo 3: ODST, iliyotoka tarehe 22 Septemba 2009. Mchezaji ni askari asiye na jina ambaye chombo chake huanguka mjini, akazimia, na kuzinduka saa sita baadaye usiku. Wenzake wametawanyika. Mji umehamwa, mvua inanyesha, taa za barabarani zinawaka bila mtu wa kuzihitaji. Kila anapookota kitu kilichoachwa na mwenzake, hadithi hurudi mchana wa siku hiyohiyo na kuonyesha yaliyomkuta. Jiji lenyewe ni mhusika. Linaendeshwa na akili bandia iitwayo Superintendent, isiyoweza kuzungumza naye moja kwa moja, ambayo humwelekeza kwa vibao vya barabarani, kwa taa, na kwa simu za umma zinazolia gizani. Badala ya ngoma za vita, O'Donnell na Salvatori waliweka saksafoni na piano za upweke.

Majina ya sehemu za gemu hiyo ndiyo yanayomshtua mtu wa kisiwani. Kuna Tayari Plaza, inayomkumbusha mtu Mwembe Tayari, kituo cha mabasi ya bara. Kuna Kizingo Boulevard, ambapo kifaru cha kijeshi hupita barabarani kikilipua magari. Kizingo halisi ni mtaa mtulivu wa kusini mwa kisiwa, wa Ikulu ndogo na matembezi ya Mama Ngina. Na kuna Kikowani Station, kituo cha treni. Kwa wakazi Kikowani ni jina la makaburi ya Waislamu, mahali watu wanaposindikiza jeneza huku wakisoma dua. Mchezaji wa Chicago husikia jina zuri la Kiafrika. Mchezaji wa Majengo ya kisiwani husikia marehemu wake.

Aliyeyachagua majina hayo alikuwa na ramani halisi mkononi, na hilo ni la kusifiwa. Old Mombasa ya mwaka 2004 haikuwa na hata dalili ya uangalifu huo. Yapo pia mafaili 30 ya sauti yaliyofichwa mjini, yanayosimulia habari ya msichana Sadie Endesha akimtafuta baba yake, mwanasayansi anayefanya kazi na Superintendent, siku mji unaposhambuliwa. Ndani ya mafaili hayo ndimo hasa New Mombasa ina wakazi: polisi, wakimbizi kituoni, hata muuza kebabu asiyetaka kuacha biashara yake. Mchezaji anayepita bila kutafuta atamaliza gemu nzima bila kujua kwamba watu waliishi hapo.

Metacritic iliipa ODST 83. Tarakimu hiyo, mbele ya 94 na 95 za ndugu zake, ilionekana kama kushuka, na sababu zilikuwa wazi. Kazi ilianza ikiitwa Halo 3: Recon, ikikusudiwa kuwa nyongeza ndogo, kisha ikauzwa kwa bei kamili ya takriban dola 60, huku hadithi yake ikimalizika kwa saa tano au sita. Wahakiki waliona bei na urefu havilingani. Walisifu muziki, usiku wa mvua, na mtindo mpya wa Firefight ambamo wachezaji hadi wanne hupigana na mawimbi ya maadui. Wengine walilalamika kwamba mitaa ya usiku ni mitupu na inafanana.

Lalamiko hilo la mwisho lina ukweli, na ni hapo uhakiki ulipokaribia swali lenyewe bila kulifikia. Mitaa inafanana kwa sababu haina alama za mahali. Weka mbele ya mchezaji mnara wa msikiti wa Mandhry, pembe za ndovu za Moi Avenue, au ukuta wa Fort Jesus ukiwa umezungukwa na maghorofa ya mwaka 2552, naye hatahitaji dira kujua aliko. Upungufu wa Mombasa katika gemu ni upungufu wa gemu, si malalamiko ya wenyeji wanaotaka kutajwa tu. Pamoja na hayo, muda umeitendea ODST haki kuliko alama zake. Iliongezwa katika mkusanyiko wa Halo mwaka 2015 na kufika kwenye kompyuta mwaka 2020, na wengi walioicheza upya waliipenda kwa upweke uleule uliowachosha wahakiki wa 2009.

Gemu zinazochezwa zaidi Mombasa yenyewe ni za aina nyingine. Katika kumbi za gemu, mara nyingi chumba kimoja chenye televisheni na PlayStation kadhaa, mchezaji hulipa kwa mechi au kwa muda, na mshindi hubaki kwenye kiti. Soka hutawala, na ngumi hufuata. Hapa hukumu za ng'ambo na hukumu za chumbani huachana, kwa kuwa mazingira ya kuchezea si yale ambayo mhakiki wa London aliyafikiria.

Mfano ni Tekken 8, iliyotoka Januari 2024 na kupata takriban 90. Sehemu kubwa ya sifa zake, na ya mabishano kuhusu gemu zote za ngumi siku hizi, ni ubora wa kupambana kupitia intaneti. Kwa vijana wawili walioketi bega kwa bega na padi mkononi, hilo halina uzito wowote. Kinachowahusu ni kama mgeni anaweza kubonyeza vitufe ovyo akapata raha, na kama bingwa wa mtaa bado atamshinda kwa ujuzi. Tekken 3 ya mwaka 1998 ilitimiza yote mawili, na ndiyo maana bado inakumbukwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Metacritic.

Soka lina somo kali zaidi. Septemba 2021 Konami iliachana na jina lake la Pro Evolution Soccer na kutoa eFootball 2022 bure. Nyuso za wachezaji maarufu zilitoka zimepotoka, mipira ilipita miilini, na timu za kuchezea zilikuwa chache. Toleo la kompyuta lilipata alama za chini ya 30, na katika duka la Steam kura za wachezaji ziliiweka miongoni mwa gemu zilizolaumiwa zaidi katika historia ya duka hilo. Konami iliirekebisha, ikatoa toleo 1.0 Aprili 2022, lakini Metacritic huhesabu alama ya kwanza ya kila chombo na haikubali marekebisho. Anayetafuta gemu hiyo leo hukutana na hukumu ya kitu ambacho hakipo tena.

Kwa mpinzani wake, aliyeitwa FIFA hadi 2023 na sasa EA Sports FC, wahakiki hurudia maneno yaleyale kila mwaka: uchezaji ni mzuri, mabadiliko ni haba, na mtindo wa Ultimate Team, unaouza pakiti za wachezaji bila mnunuzi kujua kilichomo, unakamua pesa. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia. Mzazi wa Mombasa mwenye kijana anayetumia simu yake kulipia mambo mtandaoni ana haja na habari hiyo kuliko alama yoyote.

Gemu ya karibuni inayoihusu lugha ya Pwani ni Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka tarehe 23 Aprili 2024. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, anayejulikana na wachezaji kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Aliianza baada ya kufiwa na baba yake. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: atamletea roho tatu kubwa, naye arudishiwe baba yake. Anapigana akiwa na barakoa mbili, ya jua kwa moto na ya mwezi kwa barafu, akiruka na kupanda katika nchi inayotazamwa kwa ubavu. Gemu hiyo ya studio yake, Surgent, iliuzwa kwa dola 20 tu, na iliwekwa sauti za Kiswahili.

Wahakiki waliipa alama za sabini na kitu. Walisifu rangi, muziki wa Nainita Desai na hasa mazungumzo ya Zau na Kalunga baada ya kila pambano kubwa, ambapo kijana hufundishwa hatua kwa hatua kuacha kupigana na kifo. Walilaumu mapambano yanayojirudia, na sehemu za kukimbizwa ambapo kosa dogo humrudisha mchezaji mwanzo. Lawama hizo ni za haki. Msomaji wa Pwani ataongeza moja: kati ya roho zile tatu, Impundulu ni ndege wa radi wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon wa magharibi. Kenzera imejengwa kwa simulizi za bara zima, na za Waswahili, wenye majini yao ya baharini na ya mibuyu, hazikupewa uzito unaolingana na lugha iliyotumika.

Sauti hizo za Kiswahili zilitajwa katika tahakiki nyingi kama sifa ya ziada, basi. Kupima kama kilio cha mwana aliyefiwa kimetamkwa sawasawa, na kama mauti anazungumza kwa upole wa mzee au kwa ukali wa hakimu, kunahitaji sikio la mtu anayeijua lugha. Hukumu hiyo bado ni haba, na namba ya Metacritic haina sehemu yake.

Mauzo hayakutosha kuiokoa studio na kupunguza wafanyakazi katika mwaka huohuo wa 2024. Aprili 2025, chuo cha BAFTA cha Uingereza kiliipa ZAU tuzo ya gemu inayovuka mipaka ya burudani, na miezi michache baadaye Surgent ikatoa Dead Take, gemu ya kutisha isiyohusiana na Kenzera.